Mbwa wangu mlinzi anaua kuku, nifanyeje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume wa miezi 9, chotara wa Anatolian Shepherd (jamii ya mbwa wakubwa wa kulinda mifugo), niliyemchukua alinde mbuzi wangu hapa Kibosho. Anakaa vizuri na mbuzi, lakini mwezi huu ameua mitetea watatu. Hakuwala, niliwakuta chini ya migomba, manyoya yamelowa mate. Jirani anasema nimfunge kuku mfu shingoni mpaka aoze. Je, itasaidia?
Mama mfugaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa hasara hiyo. Nakuomba usimfunge mzoga: mbwa hawezi kuuhusisha na kosa la juzi, na utakuwa umemtesa bure.

Manyoya yaliyolowa mate kwa kuku ambaye hakuliwa yananionyesha kwamba mbwa wako alikuwa akicheza. Mbuzi akichokozwa humpiga pembe, naye mbwa hupata adabu. Kuku hukimbia na kupiga mabawa, jambo linalomchochea mbwa kijana azidi kumfukuza. Mbwa wa jamii hii hukomaa akikaribia miaka 2, kwa hiyo wako bado ni mtoto mwenye mwili mkubwa, na kwa sasa asiachwe na kuku peke yake hata kwa dakika chache. Usipokuwepo, wavu imara uwatenganishe, ili awaone na kuwazoea bila kuwafikia.

Kila siku, akiwa ameshatembezwa na kuchoka kidogo, mfunge kamba ndefu, ukae naye kuku wanapodonoa. Mtazame yeye, usiwatazame kuku. Akikaza macho, akasimamisha masikio na kuinamisha kifua, mwambie "acha" kwa sauti tulivu kabla hajaruka, kwa maana akisharuka umechelewa. Akigeuza uso, msifu papo hapo na umpe kipande cha chakula. Chakula chake cha kawaida apewe mahali ambapo kuku hawafiki, kwani hata mbwa mpole humng'ata kuku anayedonoa kwenye bakuli lake.

Vifaranga waje mwisho kabisa. Kamba usiifungue eti kwa sababu wiki moja tu imepita salama. Subiri miezi, mpaka mtetea aweze kupiga mabawa mbele ya pua yake naye aendelee kulala.