Barua kwa mwanangu: kuhusu noti zako za "kizamani"

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, goti la mama yako limetulia. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama ubadilishe utunzi wako wa muziki, kwa kuwa mwalimu wako chuoni amesema utunzi huo una sukari nyingi na umepitwa na wakati.

Unaikumbuka ile kanda aliyoniachia Padre alipohamishwa? Ile uliyoichomoa utepe ukiwa na miaka minne, nikakesha naurudisha kwa kalamu ya biki. Upande wa pili ndiko aliko Samuel Barber, mtunzi wa muziki, Mmarekani. Naye aliambiwa hayo hayo unayoambiwa wewe.

Alizaliwa 1910 huko West Chester, Pennsylvania. Akiwa na miaka tisa alimwandikia mama yake barua, akakiri kwamba hakuumbwa awe mwanamichezo, ameumbwa awe mtunzi, na tafadhali asiambiwe asahau jambo hilo aende kucheza mpira. Mimi wewe nilikutuma netiboli. Nilikosea? Ulikuwa umekonda, ulihitaji jua. Lakini ningekuachia kinanda wakati ule... basi, yamepita.

Dada wa mama yake, Louise Homer, aliimba Metropolitan Opera, jumba kubwa la michezo ya kuimbwa huko New York, na Barber mwenyewe alikuwa mwimbaji wa baritoni, sauti ya kati ya wanaume. Mwaka 1935 aliingia studio akaimba kazi yake mwenyewe kwenye santuri. Ndiyo maana nasema, na mcheke mnavyocheka: mtunzi asiyeimba anaandika hesabu. Ile Adagio yake, kipande chake cha mwendo wa polepole, ilitoka kwenye kwateti ya 1936, yaani kazi ya vyombo vinne vya nyuzi. Haina vyombo vya kupuliza, haina ngoma, ni nyuzi tupu. Lakini isikilize: violini zinapanda ngazi moja moja kama watu wanaovuta pumzi kwa zamu, zinafika juu kabisa, halafu kimya. Kimya kile ndicho ninachokusudia.

Alimpelekea Toscanini, kiongozi mashuhuri wa okestra, mzee akairudisha bila hata neno moja. Barber akanuna. Kumbe mzee alikwisha kuihifadhi kichwani, na Novemba 1938 akaipiga redioni. Wapo walioandika kwamba huo ni muziki wa jana. Rais Roosevelt wa Marekani alipofariki 1945, ndio uliosikika redioni.

Lakini lililonikaa rohoni ni la 1966. Jumba jipya la Metropolitan linafunguliwa New York, Barber kapewa opera ya ufunguzi, Antony na Cleopatra. Mwongozaji Zeffirelli akajaza jukwaa watu na mitambo. Jukwaa la kuzunguka likakwama siku za maandalizi, na Leontyne Price, mwimbaji aliyekuwa Cleopatra, sauti ile, akafungiwa ndani ya piramidi ya jukwaani! Wakosoaji walimrarua mtunzi, si fundi mitambo. Barber akajitenga, akakaa sana Italia, akanywa, akatunga kidogo.

Mimi namwelewa mtu huyo. Mama yako ameshakataza nisiseme tena ya jubilei, lakini unajua nitasema. Miezi saba niliandika ule wimbo wa komunio, sauti nne, nikinakili do-re-mi kwa mkono kwenye karatasi za mitihani ya zamani. Tena niliwafundisha kushusha sauti mpaka usikie nzi. Siku yenyewe, mpiga kinanda wa kuazima, kijana wa mjini, mstari wa pili tu, akabonyeza biti. Tusi-tusi-tusi. Nikageuka nikamtolea macho. Akadhani namsifu, akaongeza spidi. Vigelegele! Kina mama wakaacha foleni ya komunio wakicheza. Nilishusha mikono nikasimama pale kama mlingoti. Baada ya misa watu wananipa mkono, "Mwalimu, leo umetuburudisha." Sikuandika tena, unalijua hilo, ingawa hukuwahi kuniuliza.

Na wanauimba hadi leo. Kwa biti.

Nimekaa miaka nikimlaumu yule kijana. Siku nyingine najiambia, labda wimbo ulikuwa na mguu wa kucheza ndani yake, nami sikuusikia. Halafu nasema hapana, ulikuwa sala! Halafu nakumbuka bibi yako, ambaye hakuwa amesimama tangu Pasaka, alisimama. Sijui nifanyeje na hilo.

Hata Adagio, ma-DJ waliiwekea biti wakaipeleka disko. Barber mwenyewe alikwisha kufa 1981, hakuona. Ila mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya aibu ile ya New York, aliichukua Adagio hiyo hiyo ya ujana wake akaiwekea maneno ya Mwanakondoo wa Mungu, kwaya tupu. Noti zilikuwa zinaomba kuimbwa tangu 1936. Si nilisema? Asiyeimba anaandika hesabu.

Kuhusu mwalimu wako: nina neno, liko hapa kooni, na mama yako amesimama nyuma yangu anasoma, anasema nikuache uamue mwenyewe. Sawa. Namheshimu mwalimu. Nilitaka tu kujua kama anaimba.

Ukurasa wa tatu wa wimbo wako uutume tena, simu imekata ukingo. Besi hapo nimeijaribu mara mbili nikaishiwa pumzi. Ama weka pumziko, ama mimi nimezeeka.

Baba yako