Maswali yenu ya kuchangia sanaa: tumeni mapema na mdai hesabu

Wiki hii nimechagua maswali ya kuchangia kazi za wasanii peke yake, kwa sababu simu yangu imejaa hayo na kwa sababu ni jambo nalipenda sana, sifichi. Ya harusi na matanga tutayarudia siku ingine. Na wale mnaandika "habari, naomba usaidizi" halafu mnanyamaza, andikeni swali lenyewe tafadhali, mimi sisomi mawazo ya mtu.

Kuna bendi ya vijana hapa kwetu Umoja wanachangisha warekodi albamu. Niko na mia mbili tu, si wataona mimi ni mchoyo?

Tuma hiyo mia mbili leo. Usingoje mwisho wa mwezi ati ndio iwe elfu, maana ukingoja utapata shughuli ingine na hutatuma kitu.

Pesa ya mapema ina kazi mbili, kwanza inaingia kwa akaunti, halafu inaonekana. Mtu akifungua ukurasa wa mchango akute wenzake 40 washatoa, anatoa simu na yeye, lakini akikuta sufuri anasema atarudi baadaye na harudi. Kwa hivyo mia mbili yako ya siku ya kwanza inaita mia mbili za wengine, na elfu tano ya mtu wa siku ya mwisho haiwezi kufanya hiyo kazi.

Na msidharau pesa ndogo. Ile sanamu ya Liberty kule New York, Wafaransa walitoa sanamu lakini msingi wa kuisimamisha ulikosa pesa, mpaka 1885 mwenye gazeti mmoja, Joseph Pulitzer, akaomba wasomaji wake watume chochote walicho nacho na akaahidi kuchapisha jina la kila aliyetoa hata kama ni senti. Ndani ya miezi kama mitano zilipita dola laki moja, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Sisi hapa pia tumejenga shule kwa harambee, huyu analeta kuku yule analeta debe la mahindi inauzwa kwa mnada papo hapo. Kuchanga tunajua. Shida ni tumezoea kumchangia mtu akishalazwa ama akishafariki, akiwa mzima anatengeneza kitu kizuri tunamwambia kila la heri tunapita.

Halafu hakuna mtu huwaambia raha yake. Kuna jarida la katuni la vijana wa Eastlands nilichangia, siku ya kuchapisha wakaita wachangiaji wenye wangeweza kufika, tukashuka besmenti moja River Road, mashine inapiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono. Fundi akatoa shiti ya kwanza akaishika kwa taa, nyekundu ilikuwa imeteleza nje ya mstari kidogo, akarekebisha akapiga ingine, na pale kwa kona ya shiti ndio kulikuwa na ukurasa wa majina yetu. Mama mmoja muuza mboga mwenye alikuwa ametoa mia alitafuta jina lake kwa kidole, wino haujakauka, akabaki na doa jeusi na akakataa kupanguza. Ukinunua kitu dukani hupati hiyo.

Kwani si serikali ndio inafaa kulipia sanaa?

Inafaa, na tuendelee kuidai. Lakini hao vijana wanarekodi mwezi huu.

Nilituma elfu moja kwa filamu fupi, mwaka umeisha na hakuna filamu. Nitarudishiwaje pesa yangu?

Hili swali naletewa kila wiki na kila wiki nauliza, kabla ya kutuma uliuliza nini? Wengi hamkuuliza kitu. Mliona picha nzuri, mkaona rafiki ameshea linki, mkatuma.

Basi tena, kwa mara ya mwisho. Kuna mtindo wa Kickstarter, lile jukwaa la Marekani la kuchangisha mtandaoni, wenye kadi yako haikatwi mpaka lengo lifike, lisipofika hakuna anayelipa kitu. Kuna na huu wetu wa Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa, ama namba ya simu, hapa pesa inaenda saa hiyo hiyo, lengo lifike lisifike, na ikishatumika kukodi kamera na kulisha watu hakuna mahali itatoka irudi. Hata huko Kickstarter, lengo likishafika, wenyewe hawakurudishii, unabaki wewe na msanii. Kwa hivyo maswali yanaulizwa kabla: lengo ni pesa ngapi, lisipofika mtafanya nini, nani mwingine anaona hiyo akaunti, na kazi yenu ya awali iko wapi tuione. Msanii wa ukweli hakasiriki ukimuuliza haya, atafurahi umemchukulia kwa uzito.

Kwa yako ya sasa, mwandikie kwa adabu umuulize imefika wapi. Filamu fupi kupiga ni siku chache lakini kuhariri na kusafisha sauti kunakula miezi, hasa mhariri akiwa anaifanya usiku baada ya kazi ingine. Kuchelewa sio wizi. Kitu mimi siwezi kusamehe ni kunyamaza, mtu amechukua pesa za watu 100 halafu anatoka kwa grupu la WhatsApp, huyo anaharibia wasanii wote wenye watakuja kuchangisha baada yake, kwa sababu wale watu 100 hawatatoa tena maishani. Na kama ni uongo tangu mwanzo, hakukuwa na filamu wala kikundi, hiyo ni kesi ya polisi, kusanyikeni na meseji zenu za M-Pesa mpeleke.

Na ongezeni hii hata kama hamjauliza. Mtu akiwaambia changieni filamu yake mtapata asilimia fulani ya faida, huo sio mchango tena, huo ni uwekezaji, na Capital Markets Authority, wale wasimamizi wa soko la mitaji, ina kanuni za mambo hayo tangu 2022, jukwaa linalochukua pesa za namna hiyo linatakiwa kuwa na leseni. Ulizeni leseni. Akianza kuzunguka, wekeni simu mfukoni.

Mimi ni mchoraji wa katuni hapa Kayole. Nifungue Kickstarter?

Huwezi ukiwa hapa, Kenya haiko kwa orodha ya nchi zenye mtu anaweza kuanzisha mradi huko. Najua mtaniambia kuhusu BRCK, kile kifaa cha intaneti cha hapa Nairobi kilichoomba dola 125,000 huko mwaka 2013 na kikavuka, lakini hiyo ilikuwa kampuni yenye mikono mpaka nje. Wewe watu wako wa kwanza wako Kayole, Donholm, shule uliyosoma, na hao wote wako na M-Pesa. M-Changa, jukwaa letu la kuchangisha kwa simu, wako hapa tangu 2012 na ukurasa wao unaonyesha pesa imefika ngapi, anzia huko. Ukiamua kupitia kwa binamu aliye Marekani akufungulie kwa jina lake, andikianeni makubaliano hata kama mmelelewa nyumba moja, na mkumbuke jukwaa lenyewe linakata asilimia 5 kabla ya gharama za kadi na za kutuma pesa huku.

Rafiki yangu ni mwanamuziki, ameniambia nilipe kiingilio kwa shoo yake kama watu wengine. Si marafiki huingia bure?

Lipa. Tena lipa ya mlangoni, yenye iko juu.

Huu mchezo wa "mimi nakujua" ndio unamaliza wasanii wa hapa. Kinyozi wako unamjua na unamlipa, wa boda unamjua na unamlipa, lakini mwenye amefanya mazoezi miezi mitatu akakodi spika na kulipa mpiga dramu unataka akutolee kiti chenye angeuzia mtu mwingine. Halafu wewe ndiye utaandika kwa status "support yetu tele". Marafiki ndio wanafaa kuwa wa kwanza kwa foleni, kwa sababu mtu asiyemjua akiona hata marafiki zake hawalipi, yeye atalipia nini?

Tulichangisha laki tatu tuchapishe kitabu cha picha cha watoto. Sasa mchapishaji anasema bei imepanda na pesa haitoshi. Tuwaambie nini wachangiaji?

Waambieni ukweli wiki hii, kabla hawajaanza kuuliza. Na muwaambie kwa hesabu, sio kwa "changamoto zisizoweza kuepukika", hiyo lugha ya barua ya ofisi inafanya watu waanze kushuku.

Lakini kwanza kaeni na kwotesheni, ile karatasi ya bei ya mchapishaji, muielewe, maana wengi mnapewa karatasi mnaangalia namba ya chini peke yake. Kwa ofseti, ile mashine kubwa inayochapisha kwa sahani, yaani mabamba yenye picha ya kurasa, gharama kubwa iko kabla kopi ya kwanza haijatoka: sahani za rangi nne kwa kila upande wa shiti, na muda wa fundi kupanga mashine. Hiyo unalipa uchapishe kopi 200 ama 1,000, ndio kwa maana bei ya kopi moja inashuka sana ukiongeza idadi. Kama mnataka kopi chache, ulizeni bei ya dijitali, haina sahani, mara nyingi kwa idadi ndogo ndio nafuu. Hesabuni kurasa pia. Kitabu cha kupiga stepo katikati kinaenda kwa nne nne, kwa hivyo ukiwa na kurasa 34 utalipia 36, na mbili zitakaa tupu bure, afadhali mkate mbaki na 32. Karatasi yenyewe nzuri inaagizwa nje, dola ikipanda na karatasi inapanda, hapo mchapishaji anaweza kuwa anasema ukweli. Na angalieni kama VAT ya asilimia 16 imo ama itakuja kuongezwa mwishoni, vitabu viliingizwa kwa hiyo kodi mwaka 2013 na mimi mpaka leo naona ni aibu kutoza kodi kitabu cha mtoto.

Mkimaliza hapo, tumeni kwa grupu picha ya kwotesheni ya zamani na ya sasa, museme pengo ni shilingi ngapi, na mtoe njia mbili: tupunguze kurasa ama kopi, ama tuongeze muda wa kuchangisha. Waacheni wachangiaji waseme. Mtashangaa vile watu hutoa mara ya pili wakionyeshwa hesabu, na mwenye kutaka yake irudishwe mrudishieni bila kununa.

Nikichangia riwaya ya mtu, naweza kumwambia abadilishe mwisho?

Hapana.

Sisi ni kikundi cha drama Kawangware, tunataka kuchangisha ya onyesho. Tuitishe pesa ngapi na tuwape watu nini?

Itisheni pesa yenye onyesho linahitaji, sio yenye mnafikiri watu watakubali. Vikundi vingi vinaona aibu, vinaitisha nusu, zinaingia, halafu siku ya onyesho hakuna ya taa na waigizaji wanarudi nyumbani kwa miguu. Andikeni kila kitu: ukumbi na dipositi yake, nauli na chakula cha mazoezi, mavazi, sauti, taa, mabango, na kitu kidogo cha mwigizaji mkononi. Ndio, muigizaji alipwe, sitaki kusikia ati anafanya kwa mapenzi. Juu yake wekeni akiba ya dharura na gharama za kutuma na kutoa pesa. Na msitumie namba ya mwenyekiti, laini ya kawaida ya M-Pesa haibebi zaidi ya laki tano, na hata kama ingebeba, pesa ya watu kukaa kwa simu ya mtu mmoja inaleta maneno. Chukueni Paybill ama akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Hiyo namba ikishatangazwa isibadilishwe katikati, na muwaambie watu wasome jina linalotokea kwa simu kabla ya kuweka PIN, kwa sababu matapeli hukopi bango zima wakabadilisha namba peke yake.

Kuhusu zawadi, achaneni na tisheti. Nimeona kikundi kinaahidi tisheti kwa kila wa elfu moja, tisheti yenyewe ikakula zaidi ya nusu ya hiyo elfu, saizi zikakosewa, za watu wa Mombasa zikakaa kwa basi, na mwisho pesa ya jukwaa ikawa hakuna. Watu wanataka vitu vyenu vya kipekee, ambavyo havigharimu sana. Jina kwa programu. Kiti cha mbele. Mwalike kwa mazoezi Jumamosi moja, aone vile mistari hukosewa na kurudiwa mpaka ikae, wengi hawajawahi kuona hiyo na wakiona hawatoki tena, mwaka ujao wanakuja na majirani. Mpatieni mtoto wa mchangiaji apige ile kengele ya kuanza onyesho.

Kila wiki posti moja: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, picha ya risiti. Onyesho likiisha mtume hesabu ya mwisho hata kama mmebaki na mia nne. Tarehe mkishaipata nitumieni, na msiniwekee kiti cha bure.