Jumamosi Kubwa ya Mbio za Farasi Inapopelekwa Mkoani: Ushauri kwa Mpangaji Mgeni

Ukiingia kwenye ofisi inayopanga kalenda ya mbio za farasi, hutakaa muda mrefu kabla swali hili halijafika mezani kwako: Jumamosi kubwa, yenye zawadi nono na kamera za televisheni, ibaki kwenye viwanja vya jiji au igawiwe viwanja vya mikoani? Wenye viwanja watakuja na hoja za mapato, tiketi na heshima ya miji yao. Wasikilize wote kwa adabu, kwa sababu hoja zao ni za kweli. Lakini hesabu yako ianze kwenye nyasi. Unapoupa uwanja siku kubwa, unautwisha farasi tisini na kitu, kila mmoja akikaribia nusu tani, wakikanyaga ukanda uleule tangu mchana hadi jioni. Anayekimbia mbio ya nane akute njia yenye haki sawa na ya aliyekimbia ya kwanza. Ukiona hilo halitawezekana, usiupe uwanja huo siku hiyo, hata kama meya amepiga simu mara tatu.

Pa kujifunzia pazuri ni jimbo la New South Wales, Australia. Huko Jumamosi za kawaida ni za jiji la Sydney, hasa viwanja vya Randwick na Rosehill. Msimu mkubwa wa Randwick ukimalizika Aprili, Jumamosi chache zinazofuata hupelekwa Hawkesbury, Gosford na Scone. Novemba huwa zamu ya Newcastle na mbio yake iitwayo The Hunter, na ya Kembla Grange na The Gong. Mbio hizo mbili zilianzishwa 2019, kila moja kwa zawadi ya dola milioni moja za Australia. Hawkesbury ni mwendo mfupi tu kutoka Sydney, lakini Scone iko zaidi ya kilomita 250 kaskazini, kwenye bonde lenye mashamba makubwa ya kuzalisha farasi. Umbali huo peke yake unabadilisha mipango yote, kuanzia idadi ya malori hadi saa ya kuanza mbio ya kwanza.

Wageni wengi huiona zawadi inayokwenda mkoani wasiione faida inayobaki mjini. Nyasi za jiji zinapumzika. Wiki hizo ndizo za kutoboa ardhi ipate hewa, kupanda upya sehemu zilizochakaa na kutia mchanga. Hapo ndipo mtego mkubwa ulipo: uwanja wa jiji unaoutegemea kama akiba mvua ikiharibu siku ya mkoani unaweza kuwa ndio huohuo uliotobolewa Jumatatu. Kabla hujatangaza chochote, pata jibu la maandishi kutoka kwa msimamizi wa njia wa uwanja wa akiba kwamba nyasi zake zitakuwa tayari Jumamosi hiyo. Maneno ya kwenye simu hayatoshi.

Sasa tuje kwenye uzio wa ndani, yaani ule unaopakana na njia upande wa katikati ya uwanja, kwa sababu hapa ndipo siku nzuri nyingi zinapoharibikia. Ili kuhifadhi nyasi kwa ajili ya siku kubwa, viwanja husogeza uzio nje kwa wiki kadhaa, tuseme mita 6, kisha huurudisha mahali pake pa asili Jumamosi ikifika. Kwa maneno ni jambo jema. Shuka sasa chini ukaangalie. Ukanda wa mita 0 hadi 6 haujakanyagwa mwezi mzima: nyasi zimesimama, mizizi imeshikana. Kuanzia mita 6 hadi 9 ni pale farasi wote walipobanana mwezi huohuo: udongo umeshindiliwa, umejaa viraka vya mchanga. Siku kubwa aliye ndani anakimbia kwenye zulia, na anayetoka nje kwenye kona ili apite anatua kwenye ukanda mchovu. Ikifika mbio ya tatu kila mpanda farasi ameshalijua hilo, na kila mtu anapigania ndani. Mashabiki watasema njia ina upendeleo, nao watakuwa na haki.

Dawa yake ni kurudi kwa hatua badala ya mara moja. Kama kuna mbio za mwisho wiki tatu kabla ya siku kubwa, uzio uwe mita 3, ili uchakavu usambae badala ya kujipanga kama mfereji. Mbio za majaribio zihamishwe kabisa kwenye njia ya mazoezi. Na msimamizi wa njia apite na fimbo ya kupimia ugumu wa ardhi katika kila ukanda kivyake: mita 2, mita 5, mita 8, kwenye kona na kwenye sehemu iliyonyooka. Wastani wa uwanja mzima hausaidii kitu hapa, maana unaficha tofauti ileile unayoitafuta.

Kusogeza uzio kunabadilisha pia urefu wa mbio. Kila mita moja unayoutoa nje inaongeza kama mita 6.28 kwa mzunguko kamili, au mita 3.14 kwa kona moja ya nusu duara. Uzio ukiwa mita 6 nje, mbio yenye kona moja ya namna hiyo inaongezeka karibu mita 19. Kwa hiyo geti la kuanzia lisogezwe, la sivyo muda utakaoandikwa hautalingana na kitu. Na njia yenye upana wa mita 25 sasa imebaki na 19, hivyo idadi ya farasi wanaoruhusiwa kuanza lazima ipunguzwe. Mahali pa uzio patangazwe kabla wakufunzi hawajaandikisha farasi. New South Wales maandikisho ya Jumamosi hufungwa Jumatatu, uzito ambao kila farasi atabeba hutolewa Jumanne, na Jumatano farasi huthibitishwa na nafasi za getini hupangwa kwa bahati nasibu. Ukibadilisha uzio Alhamisi, umewabadilishia watu mchezo baada ya kucheza karata zao.

Maji nayo yanataka kalamu na karatasi. Njia yenye urefu wa mita 1,800 na upana wa mita 25 ina eneo la mita za mraba 45,000. Kuimwagia milimita 10 tu kunahitaji lita 450,000. Uwanja wa jiji una bwawa na mabomba ya kazi hiyo, ila wa mkoani pengine unategemea kisima kimoja. Wakikuambia wataleta maboza, piga hesabu mbele yao: boza la lita 10,000 litaenda na kurudi mara 45, na magurudumu yake yatapita wapi? Australia hali ya ardhi hupewa namba kutoka 1 hadi 10: 1 na 2 ni ngumu, 3 na 4 nzuri, 5 hadi 7 laini, 8 hadi 10 ni nzito. Asubuhi ya siku kubwa lenga 4, kwa sababu jua na upepo vitaikausha kadiri mchana unavyosonga. Kumwagilia Ijumaa usiku wakati mawingu yamekaa vibaya ni kosa ambalo halina marekebisho.

Kuna kosa jingine la kunakili ratiba ya jiji na kuibandika mkoani kama ilivyo. Kila uwanja una sehemu zake za kuanzia, na nyingine ziko karibu mno na kona. Wajapani wameishi na jambo hili tangu 2001, kwenye siku ya JBC, siku yao ya mbio kubwa inayozungushwa kati ya viwanja vyao vya mikoa. Mbio kuu ya siku hiyo ni ya mita 2,000 kwenye uwanja wa Ohi, lakini ilipokwenda uwanja wa Sonoda mwaka 2008 ilikuwa mita 1,870, na Kanazawa mwaka 2013 ilikuwa 2,100. Mbio ya kasi ya mita 1,200 hugeuka 1,400 pale ambapo 1,200 haiwezekani. Wao huirekebisha mbio iufuate uwanja. Nawe fanya hivyo: simama pale geti litakapowekwa, hesabu hatua hadi kona ya kwanza, ndipo uandike mbio hiyo ni ya farasi 16 au 12. Kama ni hatua mia mbili tu, farasi wa nje hatapata nafasi ya kuingia bila kumbana mwenzake.

Vizimba vya farasi. Hapa watu huhesabu vibaya kwa kuangalia jumla ya siku. Farasi hufika saa mbili kabla ya mbio yake na huondoka kama saa moja na nusu baadaye, jumla dakika 210. Mbio zikipishana dakika 35, kwa wakati mmoja una farasi wa mbio sita uwanjani. Farasi 12 kila mbio, unahitaji vizimba 72. Uwanja wenye 60 unaweza kujazia kwa vizimba vya muda, lakini viwe na kivuli, bomba la maji karibu, na sakafu isiyoteleza. Waliotoka mbali na kufika Ijumaa wahesabiwe pembeni, maana wao wanalala hapo.

Gari la wagonjwa linalofuata mbio likiondoka na mpanda farasi aliyeanguka, mbio zinasimama hadi jingine lifike. Mjini hilo ni suala la dakika chache. Mkoani ni nusu saa au zaidi, na matangazo yote yanavurugika. Yawe mawili tangu asubuhi, mbali na gari la farasi walioumia. Kamera za waamuzi nazo zitazamwe mapema: ya ubavuni, ya mbele na ya upande wa nyuma wa njia. Mnara wa muda ukijengwa Ijumaa jioni, jua la saa kumi alasiri linaweza kuwa linamulika moja kwa moja kwenye lenzi na hakuna aliyeliangalia. Panda mnarani siku moja kabla, saa ileile mbio kuu itakapokimbiwa.

Scone ina ugumu wake wa pekee: Kombe la Scone hukimbiwa Ijumaa na siku kubwa ni Jumamosi inayofuata, kwenye nyasi zilezile. Ukipanga siku mbili mfululizo namna hiyo, Ijumaa iwe na uzio nje na mbio chache zenye farasi wengi, na kikosi cha kufukia mashimo ya kwato kiwe mara mbili. Mtu mmoja akitembea na ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo hawezi kumaliza sehemu iliyonyooka kabla ya giza.

Waachie wenyeji nafasi. Mbio moja au mbili ziwe za farasi wa wakufunzi wa mkoa huo, na zisitupwe mwanzoni kabisa kabla watu hawajaingia. Bila hilo, malori ya jiji yatakuja, yatachukua zawadi na kuondoka, na mwakani watu wa kujitolea milangoni watakuwa wachache.

Jumapili asubuhi rudi njiani na fimbo ileile ya kupimia, kwenye kanda zilezile zilizopimwa kabla ya siku kubwa. Andika namba ya kabla na ya baada bega kwa bega, piga picha ya kila kona, na funga njia hiyo kwa wiki tatu hata kama kuna maombi ya mbio za majaribio. Tofauti ya namba hizo ndiyo utakayoiweka mezani mwakani viwanja vitakapokuja tena kuomba zamu.