Usiache dawa ya thairoidi kwa ajili ya vidonge vya iodini

Dada, umeuliza kama unaweza kuacha levothairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi, ubaki na lishe na vidonge vya iodini. Nakusihi, usiiache. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizembea, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoishambulia, na iodini ya kuzidisha huweza kuidhoofisha zaidi. Mtu mzima asiye mjamzito wala hanyonyeshi anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku.

Wengi hukosea kwenye saa. Meza dawa asubuhi kwa maji matupu, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe hata kahawa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne, maana huikamata tumboni isifyonzwe. Bayotini, ile vitamini ya nywele, je, unatumia? Mwambie daktari kabla ya kupima damu, huweza kupotosha majibu.