Likizo ya farasi Toscana kwa mtu asiyekunywa, jibu langu kwa dada wa Muscat

Dada wa Muscat, umeuliza mambo matatu: kama mtu hajawahi kupanda farasi anaweza kwenda ile likizo ya siku sita kule Chianti, Toscana, Italia, kama kuna raha yoyote kwa asiyegusa pombe wakati watu wote huko wanakwendea mvinyo, na kama mtoto wa miaka 9 anaweza kuja. Mie nilienda mwaka juzi mwisho wa Septemba na mke wangu, watu wa Mombasa sisi lakini tunakaa München, na hatunywi, kwa hiyo swali ni kama umeniletea mlangoni.

Naanza na farasi manake ndipo nilipoumia. Fomu ya kubuki inakuuliza kiwango chako, ndo unaanza, wa katikati au mzoefu. Mie nikajaza wa katikati. Na uzoefu wangu wote maishani ulikuwa ngamia wa pale ufuoni Pirates, Mombasa, yule kijana anakuvuta kwa kamba mpaka mbele kidogo halafu anakugeuza, basi. Nikaona mnyama ni mnyama. Halafu kuna sehemu ya uzito, shamba la farasi tulilobuki limeandika mwisho kilo 90, mie nikaandika 87. Tumefika, hata begi hatujashusha vizuri, mama mwenye shamba huyo anakuja na mizani ya bafuni anaiweka chini mlangoni pa banda. 93. Mke wangu akageuka akawa anatazama milima.

Sikufukuzwa, ila yule farasi mwembamba mzuri niliyekuwa nishampiga picha akapewa mwengine, mie nikaletewa Bruno. Bruno ni Maremmano, farasi wa asili ya Maremma, upande wa pwani wa Toscana, ambako wachunga ng'ombe wanaitwa butteri wanawatumia kwa kazi tangu zamani. Mifupa minene, shingo kama gogo la mwembe, na hana haraka na mtu. Mwishowe nilimpenda wallahi. Lakini nakwambia usidanganye kilo wala kiwango, kwa kuwa wanakupangia mnyama na kundi kulingana na ulivyoandika, na mgongo unaobeba uongo wako si wa kwako.

Farasi akitembea hatua kwa hatua hakuna shida, unakaa kama bwana harusi. Shida ni trotto, ule mwendo wa kudundadunda, inabidi uinuke na ukae, uinuke na ukae kwa mpigo wake, ukiukosa mnakutana njiani, wewe unashuka yeye anapanda, na mwanamume naomba nisieleze zaidi. Sisi tulikuwa juu ya tandiko masaa manne mpaka matano kila siku. Siku ya pili kiongozi wetu, msichana mdogo tu lakini sauti kama ya makanga wa matatu, anapiga kelele "talloni giù!", visigino chini, manake visigino vikipanda mguu unaweza kupenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukanaswa humo, na ukianguka ndo unaburutwa. Siku ya tatu nikashindwa kushuka ngazi. Nikashuka kinyumenyume, kama mtoto. Sababu nyengine ni jinzi, ule mshono wa ndani ya paja, usivae jinzi kabisa, nunua suruali za kupandia farasi hata za bei rahisi, zina kitambaa cha kushika pale magotini na hazina mshono ndani.

Kwa hiyo jibu la kwanza: unaweza, lakini usiende mtupu. Wewe uko Oman dada, nchi ya farasi, watu wana farasi kama sisi tulivyo na pikipiki, tafuta mwalimu uchukue masomo kama kumi, ujue kukaa trotto na kumsimamisha bila kumvuta lijamu kwa nguvu. Mke wangu alichukua masomo manane München bila kelele na bila kuniambia, ati "nilitaka kukushangaza". Alinishangaza.

Sasa kuhusu mvinyo. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanafikiri ukishaondoa ulevi Chianti hakuna kitu. Mie nakwambia anayepanda farasi mule anaiona ile nchi kuliko anayezunguka na basi la kuonja, manake basi linapita lami na nyie mnapita katikati. Tulikuwa upande wa Radda na Gaiole, baina ya Firenze na Siena, na nilidhani ni mizabibu mitupu kumbe sehemu kubwa ni msitu, mialoni na miti ya chestnut, mizabibu imewekwa kama viraka. Njia zenyewe ni zile za changarawe nyeupe wanaita strade bianche. Na kuna jiwe linaitwa galestro, laini linalovunjikavunjika, mizabibu inalipenda kwa vile maji hayatuami, sasa ukiwa juu ya farasi unalisikia, kwato zinaponda kra kra kra, halafu mkiingia msituni kimya. Hiyo kwenye gari huipati.

Na Septemba mwisho ni mavuno, vendemmia. Matrekta yana matela yamejaa zabibu nyeusi, nyuki na nyigu kila mahali, harufu tamu ya kuchacha inakuja mpaka barabarani. Zabibu yenyewe inaitwa sangiovese, chupa ya Chianti Classico lazima iwe na angalau asilimia 80 ya hiyo. Tulipewa tuonje ikiwa tunda, ndogo, ina mbegu, tamu halafu inakukaza ulimi. Bruno alitaka kuonja pia, akazuiwa, ukimwachia mara moja kula njiani hatakusikiliza tena siku nzima.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya jogoo. Utaona jogoo mweusi kwenye shingo ya kila chupa ya Chianti Classico. Wanasema zamani Firenze na Siena zilipigania mpaka hadi wakachoka, wakakubaliana kila mji umtoe mpanda farasi mmoja, aondoke jogoo wake akiwika alfajiri, watakapokutana ndo mpaka. Siena wakamlisha jogoo wao mweupe akashiba akalala fofofo. Firenze wakamfungia jogoo mweusi bila chakula, na mwenye njaa halali, akawika usiku wa manane, mpanda farasi wao huyo, wakaja kukutana Fonterutoli, kilomita chache tu kutoka Siena. Ni hadithi, sawa, hakuna anayekulazimisha kuamini. Lakini mpaka ulioandikwa kweli upo, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, aliutangaza mwaka 1716, aliandika kabisa mvinyo wa Chianti unatoka wapi mpaka wapi. Mie nikamwambia kiongozi, kumbe nyinyi mpaka wenu mmeupata kwa kumnyima kuku chakula, akacheka mpaka farasi wake akasimama.

Saa kumi jioni wenzetu wanaonja, sisi tunaletewa mafuta ya zeituni na mkate. Mkate hauna chumvi! Nilidhani mpishi amesahau, kumbe ndo mila ya Toscana, wanakula na vitu vyenye chumvi. Chakula uwe macho. Cinghiale ni nguruwe mwitu na yuko kila mahali, kwenye sosi ya tambi hasa. Peposo ni nyama ya ng'ombe, utafurahi, kumbe imepikwa kwenye mvinyo. Ribollita ni supu ya maharage, sukuma nyeusi na mkate, tamu sana, lakini uliza kama wametia nyama ya nguruwe ndani. Jifunze maneno mawili, senza maiale, senza vino, bila nguruwe bila mvinyo, mama mwenye shamba aliyashika siku ya kwanza na akatupikia pici all'aglione, tambi nene za kukunjwa kwa mkono na sosi ya nyanya na kitunguu thomu, hiyo ningekula kila siku. Kuswali hakuna aliyetusumbua, kibla ni kusini mashariki, tulikuwa tunakusanya adhuhuri na alasiri pale mnapopumzisha farasi, na Bruno amefungwa mtini ananitazama kama imamu anayesubiri nikosee.

Nilianguka mara moja. Fagiano mmoja hivi, yaani ndege kama kwale lakini mkubwa ana mkia mrefu, aliruka kutoka kwenye mizabibu, Bruno akachupa kando, mie nikabaki pale alipokuwa. Matope tu. Ila nakwambia angalia bima, kwa viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia, lazima iwe ya angalau euro 30,000 ya matibabu, lakini kuna bima zinaondoa kupanda farasi kwenye orodha, soma yale maandishi madogo. Viza yenyewe ni euro 90 mtu mzima, omba mapema. Gari kodisheni, mabasi ya kule vijijini ni machache, lakini ukiona alama ya ZTL, yaani eneo la magari yenye kibali tu, Firenze au Siena usiingie, kuna kamera, sisi faini ilitufuata mpaka München.

Julai na Agosti achana nako, joto na nzi wa farasi. Sisi tulilipa kama euro 1,400 kila mmoja, chumba, chakula na farasi.

Mtoto wa miaka 9, pale kwetu asingekubaliwa safari ya siku nzima, walianzia miaka 14. Lakini walikuwa na poni wawili uwanjani na watoto wa wageni walipanda asubuhi na baba zao wamekaa kando wanakula mkate usio na chumvi. Pengine mumeo atapenda hiyo kazi. Na mwambie ajipime kabla.