Nguo Ikikukaa, Utajua: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mavazi

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa rika mbalimbali, ila karibu yote yanagusa jambo lile lile: nifanyeje nipate namna yangu ya kuvaa bila kukimbizana na kila kinachotoka? Nimeyapanga kadiri yalivyonifikia.

Shikamoo shangazi. Kabati langu limejaa pomoni, lakini kila asubuhi naona sina cha kuvaa. Nataka niwe na mtindo wangu. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Usianzie dukani. Anzia kwenye kapu la nguo chafu. Zilizomo humo ndizo unazozipenda kweli, maana mkono wako umezifuata wenyewe, tena asubuhi ukiwa na haraka. Kwa wiki nne, kila jioni andika ulivaa nini na ulijisikiaje ndani yake. Ulishinda ukiivuta chini kila ulipoinuka? Au ulisahau kabisa kwamba umeivaa? Hiyo uliyoisahau ndiyo ya kuichunguza. Itandaze kitandani uitazame kwa jicho la fundi: shingo ni ya duara au ya V? Mikono inaishia wapi? Kitambaa kinateremka au kinasimama? Kiuno kimekaa juu au chini?

Mimi nilipofanya zoezi hili, niliona kwamba nguo tano nilizokuwa nikizirudia zote zilikuwa za rangi moja tupu, na mikono yake iliishia kati ya kiwiko na kiganja. Kabatini kwangu kulikuwa na magauni saba ya maua! Niliyanunua kwa sababu yaliwapendeza watu wengine. Nikayagawa yote, na tangu siku hiyo sijalikumbuka hata moja.

Ukishapata hizo nne au tano, zitafute zinafanana wapi. Hapo ndipo mtindo wako ulipo, na umekuwa nao muda mrefu bila kuujua. Nguo mpya utakayonunua ifanane nazo kwa jambo moja angalau, na uweze kuivaa na vitu vitatu ambavyo tayari unavyo.

Nguo ikiwa kwenye mdoli au pichani inapendeza sana. Nikiivaa mimi, hamna kitu. Tatizo ni mwili wangu?

Hapana, na naomba uliondoe wazo hilo moyoni. Nguo ya kwenye mdoli mara nyingi imebanwa kwa pini mgongoni ili ikae. Za pichani nazo hubanwa hivyo hivyo kwa nyuma, na wewe unaonyeshwa mbele tu. Unajilinganisha na nguo iliyorekebishwa kwa mwili mmoja, wakati ya kwako imeshonwa kwa vipimo vya watu wengi.

Unapojaribu nguo, anza na bega. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia (isipokuwa nguo iliyokusudiwa kuteremka bega). Ukipitiliza kwa bahati mbaya, hata nguo nzuri itaonekana ya kuazima. Kisha keti, inua mikono, inama. Vifungo vya kifuani vikiachia mwanya, inabana. Suruali ikichora mikunjo inayosambaa kutoka kwenye zipu, nyonga zinahitaji nafasi.

Hapa ndipo fundi cherehani anapokuwa rafiki yako mkubwa. Kukata pindo, kubana kiuno na kufupisha mikono ya nguo isiyo na bitana ni kazi nyepesi. Kuhamisha bega la koti ni kazi nzito, kwa sababu inabidi mkono ufumuliwe, na bitana pia. Bega likikataa, liache koti dukani. Ukinunua nguo yenye kubana kidogo ukitumaini itapanuliwa, igeuze ndani kwanza uangalie kitambaa kilichobaki kwenye mishono. Ikiwa kimebaki chini ya sentimita 1 kila upande, hakuna fundi atakayekusaidia.

Mimi ni mfupi na nina mwili. Naambiwa nisivae mistari ya kulala kwa kuwa itanipanua. Ni kweli?

Ushauri huo umerudiwa mno, na ushahidi hauuungi mkono. Katika karne ya 19, mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wenye mistari ya wima, ingawa ukubwa ni mmoja. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walilipima jambo hilo kwa mchoro wa mwanamke aliyevaa gauni la mistari na kwa picha za mdoli wa mavazi, wakaona mistari ya kulala haimfanyi mtu aonekane mnene zaidi. Vaa mistari yako kwa raha.

Kwa mtu mfupi ningeangalia zaidi nguo inaishia wapi. Shati linalofika katikati ya paja hukugawa nusu kwa nusu. Lichomekee, au likatwe lifike kwenye mfupa wa nyonga, na miguu itaonekana mirefu papo hapo.

Nitajuaje rangi inayonifaa?

Simama karibu na dirisha mchana, taa zikiwa zimezimwa na uso hauna vipodozi. Weka kitambaa cheupe pepe chini ya kidevu, kisha chenye weupe wa maziwa, halafu rangi nyingine moja moja. Usitazame kitambaa, tazama chini ya macho na kando ya mdomo. Rangi isiyokufaa huzidisha vivuli hapo, na inayokufaa huufanya uso utangulie kuonekana. Kama unaipenda rangi inayokuchosha uso, usiiache. Ivae kwenye sketi, suruali au viatu.

Nimejifungua miezi minane iliyopita. Mwili umebadilika na nguo zangu zote zinanibana. Nisubiri nipungue kwanza ndipo ninunue?

Usisubiri, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara kadhaa kwa sababu najua uzito wake. Kila asubuhi unapovaa suruali inayokukata tumboni, unaanza siku ukiulaumu mwili uliotoka kubeba mtoto. Hustahili adhabu hiyo. Zikunje za zamani, ziweke kwenye begi nje ya macho. Si lazima uzitupe. Tafuta suruali mbili na blauzi tatu za kipimo chako cha leo, zenye kufunguka mbele kama unanyonyesha, na rangi zake ziingiliane zote. Kwa hizo tano tu unapata mavazi sita tofauti. Na namba iliyoandikwa kwenye lebo isikuumize: kila kampuni ina vipimo vyake, kwa hiyo mtu yule yule anaweza kuwa saizi mbili tofauti ndani ya siku moja.

Rafiki yangu anajua kuvaa. Nikimwiga nitakuwa mtu wa kuiga tu?

Kuiga ni njia halali ya kujifunza. Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alichukua jezi, kitambaa laini chenye kuvutika kilichozoeleka kwa nguo za ndani za wanaume, akashonea wanawake nguo za kutembelea katika miaka ya 1910. Yves Saint Laurent, mbunifu mwingine wa Ufaransa, naye mwaka 1966 aliwapa wanawake suti ya usiku iliyokuwa ya wanaume. Wote wawili walichukua kitu kimoja na kukifanyia kazi mahali pengine. Kwa rafiki yako chukua kitu kimoja pia, labda anavyokunja mikono ya shati au anavyofunga mkanda juu ya gauni, na ukivae na nguo zako mwenyewe. Ukichukua vazi zima, utajikuta umevaa mwendo wake, na mwendo hauazimiki.

Natoka jasho sana. Nivae kitambaa gani bila kuonekana wa kizamani?

Soma lebo ya ndani. Katika hali ya kawaida pamba hushika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana jasho hubaki juu ya ngozi ukivaa poliesta nyembamba ya kubana, na harufu hung'ang'ania hata baada ya kufua. Chagua pamba au kitani, iliyopwaya kidogo kwapani. Kitani hujikunja, ndiyo, lakini mikunjo yake ni sehemu ya uzuri wake. Kuhusu rangi, nyeupe na bluu nzito hazionyeshi unyevu upesi. Kijivu hafifu ndicho kinachoonyesha kila tone, kwa hiyo kiweke kwa siku za baridi.