Usiionee haya safu ya "sijui"

Nimesoma miamba kwa miaka mingi kwenye maeneo yanayochunguzwa kwa ajili ya kuzika taka za mionzi, na kosa langu kubwa lilikuwa maneno matatu daftarini. Sampuli ya mwamba iliyotoka zaidi ya mita 400 chini ilikuwa imekatika, nami nikaandika: "Imevunjwa na mashine." Tulipokuja kupima maji ndani ya shimo lililochorongwa, yalikuwa yakiingia pale pale, na maji ndiyo yanayoweza kubeba mionzi kutoka kwenye taka. Nikarudi kwenye sanduku la sampuli na lenzi yangu. Uso wa mpasuko ulikuwa na utando mweupe wa kalisaiti, madini yanayoachwa na maji, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mashine haiachi kalisaiti. Ni maji yaliyopita hapo, zamani sana kabla yetu.

Tangu siku hiyo daftari langu lina safu tatu: ufa wa asili, ufa wa mashine, na sijui. Hiyo ya tatu ilinde. Ukiiacha tupu ili ripoti ipendeze, modeli ya kompyuta inayokadiria mwendo wa maji itachukua wastani, na wastani huficha ufa mmoja unaobeba karibu maji yote. Kwenye miamba migumu, kama ile ya Olkiluoto, Ufini, panapojengwa hifadhi ya taka hizo, nyufa chache tu ndizo zinazopitisha maji kwa wingi. Mwamba uliobaki ni karibu mkavu.

Halafu tazama mwelekeo wa shimo. Lililochorongwa wima hukatiza nyufa zilizolala, lakini zilizosimama linaweza kuzipita kandokando bila kuzigusa. Dai mashimo ya mshazari. Ila usitoboe ovyo, maana kila shimo ni njia mpya ya maji na lazima lije kuzibwa.

Ugumu wa mwamba wenyewe hautoshi, wala aina yake. Asse II, Ujerumani, ni mgodi wa chumvi uliopokea mapipa yapatayo 126,000 ya taka kati ya 1967 na 1978. Baadhi ya vyumba vyake vilichimbwa karibu mno na ukingo wa chumvi, na tangu 1988 maji ya chumvi yanaingia. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: ni "sijui" ipi ikijibiwa itabadilisha uamuzi? Pesa za kuchoronga ziende huko.

Na masanduku ya sampuli yasitupwe kwa kukosa nafasi ghalani. Langu lingetupwa, ule utando nisingeuona kamwe.